Mfuko wa Mbegu kwa Mama Nashipae

Jumatatu, 21 Septemba 2009
Maji, kufagia, chai bila maziwa. Shamba limelimwa tangu Agosti. Mvua hakuna, hata wingu la kudanganya.

Mbegu ya mahindi ya ruzuku imefika Entarara. Orodha ya serikali inataka jina la mwenye shamba, na mimi nimekodi tu. Kwa hivyo mifuko yote miwili, wangu na wake, imepelekwa kwa Mama Nashipae, mjane mwenye ardhi ninayolima. Mtu wa ng'ombe, hajawahi kupanda hata sukuma wiki. Afisa wa kilimo ameniita kando. Mahindi yale yamepakwa dawa ya wadudu yenye rangi ya waridi, ni sumu, na yule mama hajui kusoma. Nipitie kwake nimweleze. Nimesema sawa.

Alhamisi, 24 Septemba
Sijaenda. Ng'ombe wake walimaliza maharagwe yangu mwezi wa saba, na pole sikupewa. Sasa kiangazi kimewamaliza wao. Namhurumia. Bado nimekasirika. Anajua mfuko wangu uko wapi na mimi niko wapi. Aulete.

Jumanne, 29 Septemba
Hajaleta. Sokoni nimewaambia wote kwamba amenilia mbegu yangu. Wamecheka, nikaongeza chumvi.

Nimekutana na Nashipae mwenyewe kisimani. Ana miaka sita, amekonda. Vidole vyake vina rangi ya waridi. Nimejiambia ni chaki ya shule.

Jumamosi, 3 Oktoba
Kuku watatu wa Mama Nashipae wamekufa. Nimewaona nikiwa uani kwangu, wamelala pale anapomwagia maji machafu. Moshi kwake tangu asubuhi. Anapika nini? Unga wake uliisha zamani, kila mtu anajua.

Si chaki. Naogopa. Nitaenda kesho baada ya kanisa.

Jumapili, 4 Oktoba
Kanisani sikusikia neno. Nimetoka kabla ya sadaka.

"Takwenya," nimemsalimia kwa Kimaasai mlangoni. "Iko," akaitikia, akafurahi kuona mgeni. Kabla sijakaa amenipakulia sahani. Mahindi matupu ya kuchemsha, rangi imebaki kwenye mikunjo tu.

"Kula, Mama Njeri. Hii mahindi ya msaada iko chungu kidogo, lakini nimeosha mara tatu."

Nashipae alikuwa amelala pembeni, anatapika. Mama yake alidhani ni malaria. Nimepiga kelele. Nimemwambia hiyo ni mbegu, ina sumu. Sikumwambia nimejua tangu lini. Nimembeba mtoto mgongoni hadi barabarani, tukapata pikapu ya nyanya ikatufikisha hospitali Loitokitok. Alikuwa mwepesi mno. Daktari ameuliza amekula kwa siku ngapi. Mama yake akahesabu kwa vidole. Vidole vya mkono mmoja havikutosha.

Jumanne, 6 Oktoba
Nimepeleka uji hospitalini. Hawezi kumeza. Mama yake ananishukuru kila nikiingia. Ananiita dada. Hasira hasara, tunawaambia watoto.

Jumatano, 7 Oktoba
Nashipae amefariki leo asubuhi.

Jumatano, 14 Oktoba
Mama Nashipae amekuja, amebeba mfuko begani. Ameuweka mlangoni kwangu. Mshono wa kiwandani haujaguswa.

"Hii ni yako," amesema. "Sisi tulikula ile yetu tu. Wewe nilijua utapanda, nilikuwa nangojea mvua inyeshe nikuletee."

Nimekaa kwenye kizingiti. Nimemwambia yote. Kwamba afisa alinituma kwake siku ile ile ya kwanza. Kwamba sikuja, kwa ajili ya maharagwe.

Amejifunga shuka yake vizuri, akaenda. Nimemwona akivuka shamba lililolimwa, lake, polepole, mpaka akaingia kwake na kufunga mlango.

Mfuko uko pale alipouweka. Leo natumia mlango wa nyuma.