Siku mia moja kuanzia leo

Ijumaa, baada ya swala. Mawingu, joto la kunata, upepo hakuna.

Wewe unayesoma, nakuomba kwanza: yaishie kwako. Usimtumie mtu, usimsomee mkeo, usinitaje barazani hata kwa mzaha. Jina langu sijaliandika hapa bloguni tangu nianze, lakini Pate ni mji mdogo na karani wa ofisi ya serikali ni mmoja tu.

Nimechoka. Si uchovu wa kazi, ni ule wa kukaa na jambo moja kichwani tangu alfajiri, ukilala nalo linaamka kabla yako.

Jana ilikuwa fainali ya chemsha bongo, sisi Pate na kisiwa jirani cha Ndau, ukumbini kwetu, baada ya Isha. Maswali niliyatunga mimi, na mwamuzi nilikuwa mimi. Mshindi anakwenda Mombasa kushindana na timu za pwani nzima. Pate wameshakwenda. Ndau hawajawahi, na Bi Shufaa, mwalimu wa hesabu anayeiongoza timu yao, amekuwa akiwafunza vijana wake kila jioni tangu mwaka jana.

Ilianza vizuri. Niliuliza mji mkuu wa Mongolia, wakajua. Sayari iliyo karibu zaidi na jua, wakajua. Kisha nikauliza: mafundi watatu huchonga milango mitatu kwa siku tatu, mafundi tisa watachonga milango tisa kwa siku ngapi? Pate wakasema tisa. Ndau wakasema tatu, na ndivyo, maana kila fundi ana mlango wake na muda wake ni ule ule. Mzee mmoja wa Pate akalalamika kutoka nyuma: "Karani, mafundi tisa hawamalizi hata mlango mmoja. Siku ya kwanza yote wanagombana nani mkubwa wao." Ukumbi ukacheka. Hata mimi nilicheka.

Tukafika swali la mwisho, timu zikiwa sawa.

"Kuanzia leo, baada ya siku mia moja itakuwa siku gani?"

Hesabu yake ni ndogo. Ndani ya mia moja mna wiki kumi na nne kamili, zinabaki siku mbili. Wiki kamili hukurudisha siku ile ile, kwa hiyo unasogea siku mbili tu. Kwangu mimi leo hiyo ya swali ilikuwa Alhamisi, na jawabu nililokuja nalo lilikuwa Jumamosi.

Ndau walitangulia kunyoosha mkono. "Jumapili," akasema Bi Shufaa.

Nikasema si sahihi. Pate wakasema Jumamosi, wakashinda, vigelegele vikajaa ukumbi.

"Huko Ndau kalenda hufika kwa mashua," mtu akamrushia.

Bi Shufaa hakuketi. "Na kwenu Pate yua halitui?" Kisha akanigeukia. "Bwana karani, yua limeshatua zamani. Huu ni usiku wa Ijumaa, leo ni Ijumaa. Kutoka Ijumaa siku mbili ni Jumapili. Nimepotea ndia wapi?"

Kila aliyekuwa mle alimwelewa. Kwetu siku huanza magharibi, usiku hutangulia mchana wake. Jua la Alhamisi likizama, Alhamisi imekwisha.

Mkubwa wangu, Bwana Athmani, mwenyeji wa Pate, alikuwa kiti cha mbele. Yeye ndiye atakayesaini mwezi huu kama nabaki kazini au narudi kwetu Amu kwa mama. Akasema taratibu, "Mwamuzi ni karani. Karani, jawabu lako?"

"Jumamosi," nikasema. "Siku ya serikali huanza saa sita ya usiku."

Nilisema kweli, na hilo ndilo linaloniuma. Kwenye swali sikusema siku ya serikali. Nilisema leo.

Na bado sijakwambia kubwa. Kabla ya kwenda ukumbini, baina ya Magharibi na Isha, nilikaa chumbani nikamsomea marehemu baba Yasini, kama nifanyavyo kila wiki, kwa sababu ulikuwa usiku wa Ijumaa. Nikafunga msahafu, nikachukua maswali yangu, nikaenda kumwambia mwanamke mbele ya watu kwamba ni Alhamisi.

Majawabu yote mawili yanasimama. Bovu ni swali. Swali bovu hufutwa, likaulizwa jingine.

Leo asubuhi Bwana Athmani alipita mezani kwangu akanigusa bega. "Jana ulisimama imara, mwanangu. Jumatatu adhuhuri majina ya Pate yaende Mombasa."

Nikasema naam.

Naam, basi.

Kanuni za mashindano zinasema malalamiko huletwa na timu, si mwamuzi, na yaletwe kabla majina hayajapelekwa. Yakiletwa, mwamuzi hujibu mbele ya pande zote. Nimezisoma tena na tena nikitafuta mahali panaponiruhusu kuanza mimi. Hapapo. Au pengine ninapenda pasiwepo.

Najijua. Ujasiri wa kuanza sina. Wa kujibu, nadhani ninao.

Kwa hiyo ombi langu la mwanzo nalipunguza. Ukiwa na mtu Ndau, mfikishie haya Bi Shufaa, yeye peke yake.

Bi Shufaa, usinipigie simu, maana simu yangu hulala mezani mbele ya mkubwa. Usitume mtu. Njoo mwenyewe ofisini Pate pamoja na kijana mmoja wa timu yako, na usiingie mpaka umeona viatu vya Bwana Athmani mlangoni. Sema umeleta malalamiko. Usibishane naye habari za jua, atakushinda kwa sauti. Nigeukie mimi uniulize mbele yake: "Karani, jioni ile kabla ya kuja ukumbini ulisoma nini, na kwa nini?" Hilo siwezi kulisemea uongo. Swali jipya nimeshalitunga, halina leo wala kesho ndani yake.

Njoo Jumatatu, kabla ya adhuhuri. Jumatatu ya mchana, Bi Shufaa, jua likiwa juu. Ukija usiku wa Jumatatu, ofisi itakwambia bado ni Jumapili, na mlango umefungwa.