Abner Onsongo wa Gesima, Kijiti Chako Kimerudi

Mwaka umetimia, Baba, tangu ulipotuacha Agosti ya 1974. Naandika mimi Persis, binti yako, na Mama amesimama nyuma yangu akiuliza kila neno lina maana gani. Picha yako amekataa kabisa itoke gazetini. Anasema hajui itafika mikononi mwa nani.

Ulikuwa mpole, tena mtu wa mzaha. Asubuhi ulichuma majani chai, mchana ukazunguka kwa baiskeli ukiwasaidia madaktari waliokuwa wakitafuta chanjo ya homa ya uti wa mgongo. Vidonge vya salfa vilikuwa vimeshindwa. Vijidudu vilishavizoea, watu wakavimeza na bado tukawazika. Madaktari walitaka kijiti chenye pamba kipitishwe kooni mwa kila mtu, wajue nani anabeba vijidudu hivyo.

Lakini nani angekupa mate yake? Kwetu hata ukucha tunauficha, maana adui akiupata amekupata wewe mzima. Watu walifunga milango. Mama mwenyewe alifumba mdomo, nawe ukacheka, "Hata bibi yangu ananiogopa!" Ndipo ukawapa madaktari sharti: kijiti kikishapimwa kichemshwe, kirudi kwa mwenyewe, akichome kwenye meko yake. Ulivirudisha kutoka Kisii, kila kimoja na jina la mwenyewe. Polepole milango ikafunguka.

Kisha homa ile ile ikakupata. Shingo ikakakamaa. Hospitalini walikupitishia kijiti kooni, na kabla jua halijatua ulikuwa umetutoka. Tulikuleta nyumbani. Kijiti hakikuja.

Mwaka huu hatukuwa na amani, Baba. Baba mdogo Machogu alisema kuna mtu amekinunua. Mama alisema ni madaktari wamekificha. Kikulacho ki nguoni mwako, kwa hiyo tuliwachunguza hata waliotuletea pole. Kila chanjo ilipoletwa kujaribiwa, Mama alimficha mjukuu wako Nyanchera kwenye migomba, na huku homa ilikuwa imesharudi hapa karibu, Kebirigo. Mimi niliogopa sindano, nikaogopa homa zaidi.

Mwezi jana akaja Otiende, mwenzako wa kazi kutoka upande wa ziwani. Alitoa kijiti kilichofungwa kwa karatasi, jina lako juu yake. Mama akakigeuzageuza.

"Nitajuaje hii ni ya Abner? Unaweza apa?"

"Siwezi apa, Mama. Mimi nimeipata kwa kabati ya hospitali, jina yake iko, nikaichemsha vile yeye alikuwa anachemsha. Zaidi ya hiyo sijui."

Nadhani angeapa angefukuzwa. Mama alimtazama sana, akakitia kijiti motoni, akaenda migombani kumwita Nyanchera.

Amechanjwa, Baba. Naye kijiti kilipitishwa kooni mwake, na Mama akamwambia Otiende kwamba kisiporudi, na yeye asirudi. Juzi amekirudisha. Nyanchera alikichoma kwa mkono wake mwenyewe, bibi yake akasimama pale mpaka kikawa jivu. Bado Mama anashuku chanjo, anashuku madaktari, na gazeti hili pia. Lakini usiku ule alilala.

Unakumbukwa na mke wako Nyamusi, ndugu yako Machogu, mimi Persis, mjukuu wako Nyanchera na, kwa ruhusa ya Mama, Otiende.

Siku zote tutakukumbuka, Baba. Hakuna chako kilichobaki nje.