Ukiniuliza Hali ya Kasuku

Matrah, 9 Desemba 1967

Mwanangu Nasriya,

Pokea salamu zangu, wewe na mumeo Harub. Mimi mzima wa afya, wasiwasi wangu ni juu yenu mlio mbali.

Barua yako imenifika Ijumaa na tangu siku hiyo sina raha. Unanambia Zumari anajinyonyoa kifua mpaka ngozi inaonekana, halafu papo hapo unaingia kwenye habari za kiwanda chenu cha makoti, kama kwamba hujasema kitu! Mwanangu, yule ndege anaganda. Nimemlea miaka kumi na moja barazani kwangu, Malindi ya Unguja, na hakudondosha unyoya ila kwa wakati wake. Kwenye meli ya kuja huku Maskati walinikatalia kupanda naye, nikakukabidhi wewe unayekwenda Uingereza kwa kuwa sikuwa na mwengine. Ukanambia, "Mama, ntamtunza kama yai." Yai gani hilo?

Washa hita. Ziba madirisha, hata kwa magazeti. Tundu liweke karibu na moto, umfunike na kanga yangu ya zambarau. Na nijibu: bado anapiga hodi? Kule kwetu kila siku alikuwa akinihadaa, nikaacha chungu jikoni nikatoka mbio kuitikia karibu, kumbe ni yeye.

Mama yako,
Muhsina


Leeds, 14 Januari 1968

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Ukituuliza hali zetu, sote hatujambo. Harub anakusalimu sana.

Zumari simgandishi. Hita ya umeme inawaka tangu nikirudi kazini mpaka nikilala, na alfajiri naiwasha tena. Madirisha nimeyaziba kwa magazeti, na chini ya mlango nimesokomeza matambara. Nje theluji, ndani nakaa na gauni jepesi. Chumba kina moto hata ubao wa kabati umeatuka. Midomo inanipasuka, na sweta nikilivua linatoa cheche.

Na bado anajinyonyoa. Sasa ameshuka mpaka tumboni. Hodi hajapiga tangu Oktoba, amekaa kageukia ukuta tu. Nakuomba, usinambie tena niwashe. Nimewasha.

Mwanao,
Nasriya


Matrah, 25 Februari 1968

Mwanangu Nasriya,

Salamu zako na za Harub zimefika. Mimi mzima, na nyinyi natumai wazima.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na mara ya tatu ndo nikakasirika. Kama umewasha moto na bado ananyonyoka, basi moto huo hautoshi. Ongeza! Bi Kheiria, jirani yangu hapa, amefuga kasuku Pemba tangu utoto wake, naye anasema huyo kapigwa jicho. Nnakupelekea ubani kwa mkono wa Thabit anayekwenda Bahrain, atautia posta huko. Weka chetezo chini ya tundu, kisha funika kwa kanga moshi usipotee, kama tulivyokuwa tukifanya kila Alkhamisi. Wala usiyaguse yale magazeti ya dirishani.

Fanya hivyo hivyo nilivyokwambia. Nakujua wewe, neno ukiambiwa unalipunguza nusu.

Mama yako,
Muhsina


Leeds, 7 Aprili 1968

Mama,

Shikamoo. Sote hatujambo, ila Zumari alikuwa afe, na tungemuua mimi na wewe.

Ubani ulifika Jumatano. Alkhamisi nilivyorudi kazini nikafanya kila ulilosema, na sikupunguza hata neno. Mama, Malindi tulifukiza barazani, upepo unapita huku na huku. Hapa ni chumba kimoja, nimekiziba kila upande kwa amri yako. Haukupita muda nikasikia kishindo. Nilipofunua kanga nimemkuta kaanguka sakafuni mwa tundu, mdomo wazi, mkia unapwita. Nikayachana magazeti kwa kucha, nikafungua dirisha, nikamtia ndani ya sweta langu tukatoa vichwa nje kwenye ile baridi. Tumesimama hapo robo saa tunahema, mimi na yeye, mpaka akafumba mdomo.

Sizibi tena wala sifukizi tena. Na kuna jambo nataka kukwambia. Barua zako zote nimezipanga mezani, ziko tisa. Katika zote tisa umeuliza Zumari anakula nini, analala vipi, anapiga chafya au hapigi. Mimi umeniuliza kwenye salamu tu, mstari mmoja, ule ule. Basi na mimi nakujibu ule ule: hatujambo.

Mwanao,
Nasriya


Matrah, 30 Juni 1968

Mwanangu Nasriya,

Barua yako imeniuma. Tangu nilipoipata nnakutungia jawabu kali, na lilikuwa kali kweli kweli. Leo nimelichana.

Juma hili unavuma gharbi, upepo wa bara unaopita jangwani kabla ya kutufikia. Ukishika komeo la mlango unaungua. Midomo imenipasuka, upawa wangu wa mti umeatuka, na nilipovua shela langu la hariri jana likatoa cheche. Nikakaa kitako hapo hapo. Cheche hizo na midomo hiyo nimeshazisoma katika barua yako ya Januari! Bi Kheiria akaja kunitundikia shuka bichi dirishani, ndo dawa yao ya hapa, upepo ukipita uingie na unyevu. Akaniuliza nna nini. Nikamwambia, mwanangu na ndege wangu wako Maskati na mimi sikujua. Nimemchukua ndege wa Unguja, aliyezoea mvua na umande, nikaamrisha atiwe ndani ya gharbi, kisha nikasema ongeza.

Kwa hivyo, baridi ikirudi, hita isogeze mbali naye. Mbele ya hita weka sinia la maji na kiti chenye taulo bichi. Kila asubuhi mnyunyizie maji ya vuguvugu mpaka arowe, halafu mwache ajikaushe mwenyewe. Dirisha liache upenyo, ila upepo usimpige. Na ule ubani uliobaki utupe.

La pili ni zito zaidi. Katika barua sote huwa wazima. Mimi nimekuandikia mzima wa afya nikiwa na homa ya wiki tatu, nimelala chini kwenye mkeka. Nawe najua ungeandika hujambo hata ungekuwa huwezi kusimama. Kasuku hana adabu ya barua, akiumwa anaumwa. Kila ulichoniandikia juu yake nimekisoma mara mbili, mara ya kwanza kwa ajili yake na mara ya pili kwa ajili yako, na nikaogopa kukuuliza. Sasa nakuuliza. Wewe unajinyonyoa nini?

Mama yako,
Muhsina


Leeds, 2 Februari 1969

Mama,

Shikamoo. Hatujambo siiandiki. Suali lako nimekaa nalo miezi saba, nikiona haya.

Harub hayupo. Ameondoka Agosti 1967, kaenda Kuweit kutafuta kazi, na barua yake ya pili ilikuwa talaka. Salamu zake zote nilikuwa nakutungia mimi. Nywele zinanitoka kwa mafungu, nikawa nawaambia wenzangu kiwandani ni maji ya mji huu. Wiki nzima hupita sisemi Kiswahili na mtu. Narudi nyumbani natazamana na ndege, na ndege anatazama ukuta. Nilikukasirikia wewe kwa sababu wewe ulikuwa unajibu barua.

Ya maji nimeyafanya, tangu Oktoba. Sinia, taulo, kunyunyiza, yote. Mwanzo alinitukana kwa Kiarabu, sasa nikichelewa kumwogesha ananidonoa. Vinyoya laini kama malaika, vya rangi ya majivu, vimemwota kifuani, na mimi midomo haipasuki tena.

Jumapili nilikuwa nakamua taulo, akageuka akapiga hodi. Akapiga tena. Nikamwitikia karibu, nikalia mpaka mwenye nyumba akaja kuniuliza kama niko salama. Nikamwambia hapana.

Mwanao,
Nasriya


Matrah, 20 Septemba 1970

Mwanangu Nasriya,

Mimi magoti yananiuma, jino la mbele limetoka, na Harub bado nnamkasirikia kila siku ya Mungu, wala sina haraka ya kuacha. Ukitoa hayo, sijambo.

Tangu Julai, alipokalia kiti Sultani mpya, mambo hapa yamegeuka. Watu wetu wa Unguja sasa wanaruhusiwa kuingia, wanakuja kutoka kila pembe. Binamu yako Mahfoudh amepata kazi ofisini, naye ndo anayeniandalia ruhusa yako. Nikamwambia na ndege amwandike. Akacheka. Mimi sikucheka, akamwandika. Lakini kila nikimwuliza karatasi iko wapi ananambia kesho, na miguu hii imechoka kwenda kwake.

Njoo Desemba, hakuna gharbi wala haja ya hita. Shuka la dirishani nimelifua, lipo tayari kwa msimu wa joto. Kanga ya zambarau usimfunike, atapata moto.

Na ukifika mlangoni usiseme kitu. Mwache apige hodi yeye. Safari hii ntatoka jikoni mbio, na ntakuwa sikuhadaiwa.

Mama yako,
Muhsina