Nilimuuliza Speransi kuhusu miaka mitano ijayo

Alhamisi, Mbuba, karibu na mpaka wa Burundi. Ukungu asubuhi, vumbi tangu saa nne.

Sijawahi kumwambia mtu yeyote kwamba nataka kuwa kocha wa maisha. Si mama, si wenzangu wa bwenini. Hata hapa kwenye blogu sijawahi kuandika, ingawa nadhani hakuna anayesoma. Mtu ambaye shikamoo yake lazima irudiwe ndipo isikike, atamwongoza nani?

Lakini watu hunisimulia mambo yao. Labda ni kwa sababu sikatizi. Wakimaliza husema wamepata nafuu, nami nabaki na maneno yao bila kujua niyaweke wapi. Ndiyo maana nilianza kutafuta masomo haya kwenye simu ya mama, nikijifanya natafuta mitihani ya zamani.

Tangu likizo ianze nina programu mbili za masomo kichwani na situlii. Nafagia uwanja, naacha katikati. Naenda kuteka maji, nafika kisimani bila ndoo.

Zote ni za masafa, unasoma ukiwa nyumbani. Ya kwanza ni ya wiki sita. Mtihani unaufanyia kwenye simu, kwa kuweka alama ya vema, na cheti wanasema kinatambulika dunia nzima. Nilikitafuta chuo kinachoitoa miongoni mwa vile vyenye ithibati ya serikali, hakimo. Nikawaandikia kuuliza nani amewapa ithibati. Wakanijibu kwa picha ya dada anayetabasamu na maneno: Usiicheleweshe ndoto yako.

Ya pili ni ya unasihi, yaani ushauri nasaha, na chuo chake kimo. Wanataka nimalize kidato cha sita kwanza, nami ndiyo kwanza niko cha tano. Halafu miaka mitatu. Halafu mafunzo kwa vitendo chini ya msimamizi, ambaye anakaa pembeni akikusikiliza unavyozungumza na watu.

Huyo msimamizi ndiye aliyenikimbiza. Miaka ningeivumilia.

Kwa hiyo nilijua kwamba wale wa kwanza hawana ithibati, na bado nikaanza kujiandikisha kwao. Mwisho wa kupokea watu ni kesho. Kilichobaki kilikuwa zoezi moja: kufanya mazungumzo na mteja mmoja kwa maswali yao, kisha kuwatumia taarifa.

Jana nikamwita Speransi. Ni Mrundi wa rika langu. Alivuka mpaka na mama yake mwaka ule watu walipokimbia kwa wingi. Mama yake yuko kambini, yeye anakaa kwa shangazi yake, jirani yetu, ambaye aliolewa huku zamani. Nilimwambia nina zoezi la shule.

"La somo gani?"

"Linafanana na Uraia," nikasema, kwa kuwa sikujiandaa.

"Uraia? Hilo mimi nimeshafeli."

Akacheka. Nikaweka viti viwili vikitazamana, kama maelekezo yalivyotaka. Nikaanza kusoma maswali kwa Kiswahili, kwa sauti ya ofisini ambayo sijui niliitoa wapi. Jina lako kamili. Unatoka wapi. Unakabiliwa na changamoto gani.

Kicheko kikaisha. Alikaa wima, mikono juu ya magoti, akijibu kwa neno moja moja. Sikuelewa mpaka nilipofika swali la nne. Bila shaka ndivyo alivyokuwa akikaa mbele ya meza za kuandikisha wakimbizi. Nilikuwa nimemrudisha kwenye foleni.

Nikaendelea. Hilo linaniuma zaidi. Niliona, nikaendelea, kwa sababu maswali yalikuwa hayajaisha.

"Unajiona wapi baada ya miaka mitano?"

"Miaka mitano?" Alinitazama kama aliyeulizwa bei ya ndege. "Mimi wiki ijayo sijui nitakuwa wapi. Andika tu chochote, dada. Nimeacha maharage ya shangazi jikoni."

Akainuka. Nikatoka kumsindikiza, maana huwezi kumwacha mgeni aishie mlangoni. Tulitembea bega kwa bega kati ya migomba, bila karatasi, tukizungumza za kwetu. Kirundi chake na Kihangaza changu havigombani, kila mtu husema cha kwao na tunaelewana.

Tulipofika njia panda, pale ambapo kwa kawaida ningeagana naye nirudi, hakuaga. Akaanza kusema huku akitazama mbele.

Mama yake amewaandikisha wote wawili kurudi Burundi. Gari ni wiki ijayo. Mama hakumuuliza kwanza. Baba yake alianguka njiani walipokuwa wakikimbia, wakamwacha pale, na njia ya kurudi ni ileile. Akikataa, mama atapita pale peke yake. Akikubali, atapita yeye pia.

"Wewe ungefanyaje?" akaniuliza.

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na jibu. Nilitaka kumwambia abaki, na nilijua kwa nini: ni rafiki yangu na sitaki aondoke. Je, huo ni ushauri?

Nikasema, "Sijui." Tukatembea tena hadi kwa shangazi yake.

Niliporudi niliandika taarifa yangu. Swali la mwisho lilikuwa: Je, mteja ameondoka akiwa na uamuzi? Nikaweka alama kwenye Hapana. Nikaeleza kwamba nimeambiwa jambo zito, nikauliza mwanafunzi akifika hapo anamwendea nani.

Jibu lilikuja kabla sijaweka simu chini. Hongera, umefaulu.

Nilisoma mara tatu. Hakuna aliyenisikiliza. Kama wamenipitisha mimi, wanawapitisha wote, na kila mmoja ataketi mbele ya Speransi wake na cheti ukutani. Yule msimamizi niliyekuwa namkimbia, jana njiani ningempa chochote awe nyuma yangu.

Leo asubuhi nimefuta maombi yangu. Kisha nilikwenda kwa Speransi, nikamuuliza kama angekubali twende kwa Mwalimu Editha, anayeshughulikia unasihi shuleni kwetu na anaishi karibu na kanisa. Akasema, "Uwepo nawe."

Tulimkuta mwalimu anapura maharage.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, Kimya," akaniita kwa jina langu la utani. "Leo umeleta msemaji?"

Nilimwambia kwamba rafiki yangu ana jambo, na kwamba mimi sijui la kumjibu. Mwalimu akajifuta vumbi, akamsalimia Speransi kwa Kirundi, akamwambia wazunguke shamba kidogo, amwonyeshe kahawa yake. Speransi alinitazama, nikainuka ili niende nao. Akatikisa kichwa taratibu, kwamba hapana, atakwenda bila mimi.

Wakaondoka. Mimi nikachukua ungo, nikaanza kupepeta maharage ya mwalimu.