Sukari Imeshuka, na Mimi Ninabaki na Shamba Langu

Kashojwa, kwenye makazi yetu ya wakimbizi, Jumanne, Novemba 2014. Mvua imenyesha tangu alfajiri, udongo unanata kwenye viatu, na mimi nimerudi kutoka Mbarara ninacheka peke yangu njiani.

Sukari imeshuka.

Acha niandike tena, maana mkono wenyewe unataka: sukari imeshuka! Dokta ameangalia karatasi, akaniangalia mimi, akarudi kwenye karatasi. "Mama, huyu ni wewe kweli?" Nikamwambia ni mimi, mama wa mwalimu Furaha, na kama kuna mwingine wa jina langu amlete tumwone.

Furaha ni binti yangu, na sitachoka kumtaja. Mwaka 1996, tulipokimbia vita kule Kivu ya Kusini, alikuwa na miaka minne. Nilimbeba mgongoni siku nyingi, sufuria kichwani. Leo anafundisha shule ya msingi Mbarara. Mtoto aliyeanza kusoma chini ya turubai!

Mwaka jana alipanga nyumba karibu na kambi ya jeshi, akaja kunichukua. "Mama, umetumika mingi. Sasa ukae." Kwetu mtoto akifanikiwa, mama yake hushushwa jembe mkononi. Ndiyo heshima ya mama, na ya mtoto pia. Mama wa mwalimu akionekana anachota maji, watu wanauliza huyo mtoto ana roho gani. Basi nikakaa.

Tena nilikaa vizuri sana, sitadanganya. Chai ya maziwa na mandazi, soda mchana, kiti chenye mito. Kila aliyenipigia simu kutoka Kashojwa nilimwambia, "Mimi siku hizi hata ufagio sishiki." Nikanenepa, nikadhani ndiyo baraka yenyewe.

Jirani yetu alikuwa mke wa askari, Mama Kemigisha, Mnyankore mwenye mdomo. Kila asubuhi alipita na wenzake wakitembea mbio mbio, akinipigia kelele kwa Kiswahili chake cha kambini: "Mama Furaha, wewe nakaa tu kama gunia ya posho! Kuja tutembee!"

Nami nikamjibu, "Tembeeni ninyi ambao hamna watoto walimu."

Ee Mungu, mdomo wangu.

Miezi kumi ikapita hivyo. Ikaja kiu isiyokwisha, nyayo zikawaka moto, ngazi tatu za mlangoni zikanitoa jasho. Hospitali wakasema ni sukari. Dokta akanipa vidonge, akanikataza soda, akanikataza na kukaa. Kisha akasema nirudi baada ya miezi mitatu. Kama sukari itakuwa bado juu, tunaanza sindano, kila siku. Na dawa ya sindano inataka frigo. Kwangu Kashojwa sina frigo, hata umeme sina. Maana yake ningebaki Mbarara moja kwa moja, bila shamba langu, bila wenzangu wa kwaya, mgeni kwa mtoto wangu mpaka kufa.

Hapo ndipo niliogopa.

Kesho yake nilikuwa mlangoni kabla Mama Kemigisha hajapita. Aliponiona alipiga makofi: "Banange! Gunia nasimama!" Nikawafuata nyuma nikihema, nimemeza maneno yangu yote. Wiki mbili baadaye nilimwambia Furaha ninarudi Kashojwa kulima. Alilia. "Mama, batu batasema nimekufukuza."

Na kweli walisema. Sasa niungame: siku za kwanza nililifunga jembe ndani ya kitenge, nikalibeba mgongoni kama mtoto mchanga, ili wenye maduka wa Misiera, njiani kwenda shambani, wasilione. Mtu mzima kama mimi! Mpaka Mama Riziki, tunayeimba naye, akanisimamisha njiani.

"Mama Furaha, huyo mutoto mbona ana mupini?"

Tulicheka mpaka tukakaa chini kwenye majani. Alipopata pumzi akaniuliza polepole, "Ni kweli amekufukuza?" Nikamweleza yote, sukari, sindano, frigo. "Kumbe mimi kila siku naomba Mungu mutoto wangu anipatie kiti," akasema. Akalifungua lile jembe mwenyewe, akanipa mkononi, tukapita Misiera nalo mchana kweupe.

Tangu hapo nimelima. Maharage na mahindi asubuhi, maji ninachota mwenyewe, Base Camp, kwenye ofisi za makazi, ninakwenda na kurudi kwa miguu, pikipiki zinanipigia honi bure. Wiki ya kwanza mgongo ulinililia. Ya tatu nilianza kupata usingizi wa kweli. Miguu ikaacha kuwaka. Leo blauzi niliyoshonewa Mbarara inanipwaya kama nimeazima.

Sindano hakuna! Vidonge ninaendelea navyo. Dokta alisikiliza moyo wangu kwa muda mrefu. "Kazi ya miaka yote ndiyo imekutetea, mama," akasema. "Mwili wako bado unaijua. Usiache tena." Nilijivuna mpaka getini.

Sisemi umaskini ni dawa. Kuna siku kazi ilitaka kuniua, na nililia nikiwa na ndoo kichwani. Lakini mwili huu nilioulalamikia ulikuwa unajengeka, na mimi sikujua. Nikaukalisha nikifikiri ninauheshimu.

Tulipotoka hospitali na Furaha, tukipanda kilima cha kwenda kwake, nikasikia mtu nyuma yangu anahema. Ni yeye! Miaka ishirini na miwili! Asubuhi pikipiki, mchana kiti, jioni pikipiki. "Mama, nakuomba, tusimame kidogo."

Nikamwambia Jumamosi aje kupalilia.

"Mama, hii mikono ni ya chaki."

"Chaki inanawika."

Furaha, wewe ninayekusomea haya kwa simu ili uyachape, hapa usifute hata neno. Nimekupimia mistari mitatu ya maharage. Yangu ni sita. Vaa viatu vya zamani, na usiogope kupumzika katikati. Nitakuwa nimeshafika mwisho, ninakungoja.