Mishikaki ya Moyo Iliyooshwa

Jumamosi, Agosti. Buffalo.

Upepo wa ziwani umetulia, jua limekaa vizuri, na nguo zangu zote zinanuka moshi. Nimeridhika. Asubuhi nilikuwa karibu kulia.

Nelida ni Mperu ninayefunga naye maboksi ghalani. Mama yake alikuwa akichoma mishikaki ya moyo wa ng'ombe kando ya barabara huko Lima. Alifariki mwaka jana, na Nelida hakuweza kwenda kumzika. Tangu hapo hajaionja mishikaki hiyo. Anasema peke yake hawezi. Nikamwambia njoo kwangu, nitakuchomea. Akanipa chupa yake ya mwisho ya pilipili nyekundu ya kusaga, ile aliyotumiwa na mama yake, na maelekezo: siki, kitunguu saumu, bizari, moyo ulale humo usiku kucha.

Jana nikamimina chupa nzima.

Sasa, mama mkwe wangu yuko hapa, amekuja kututembelea kutoka Reynoldsburg. Huyu huamka kabla ya jogoo, na mtaa huu hauna hata jogoo. Alfajiri akafungua friji, akakuta nyama nyekundu inanuka siki. Akaiosha kwa maji moto na ndimu, mara tatu, akaipanga kwenye sahani safi.

Nilichomwambia sikiandiki hapa.

Alipoelewa, aliiokota chupa tupu ya pilipili. Kisha akatia siki kidogo kwenye ile chupa, akaitikisa mpaka kilichoganda pembeni kikatoka. Vijiko vitatu hivi. Akamenya mahindi yaliyokuwa mezani, akafunga maganda kwa uzi yakawa brashi, ili kile kidogo kienee nyama yote.

Nami nikaandaa uongo. Nakiri. Ningemwambia Nelida pilipili imepoteza ladha kwa kukaa sana.

Alifika saa saba mchana. Alipotokea uani akamwona mama mkwe ameinama juu ya jiko la mkaa, anapaka mishikaki kwa maganda ya mahindi. Akasimama hapo hapo. Kumbe mama yake alipaka hivyo hivyo, na mimi hakuwahi kuniambia.

Kabla sijafungua mdomo, mama mkwe akaniwahi kwa Kiswahili chake kilichochanganyika na Kifaransa.

"Bon, umwambie ukweli. Ile nyama mimi njo nilisafisha. Nilizani imeoza. Pilipili yake yote ilienda na maji. Anisamehe."

Nikatafsiri kwa Kiingereza chetu cha ghalani. Nelida akacheka, akacheka mpaka kicheko kikageuka kilio, na mama mkwe akamkalisha kwenye kiti chake mwenyewe, akamshika mkono mpaka akatulia.

Alikula mishikaki tisa. Ladha haikuwa ile ya kwao, alisema mwenyewe, akachukua wa kumi. Akiondoka aliomba brashi, nusu imeungua. Akaifunga kwenye foili, akaitia mkobani.

Mama mkwe bado anauliza mtu atafanya nini na takataka ile. Nitamweleza kesho. Sasa hivi, kabla hajalala, naenda kumwomba msamaha kwa maneno yangu ya asubuhi.