Kaka Lukelo, Laini ya Njombe Imewaka

Kaka Lukelo,

Kamwene. Wiki nzima natafuta mtu wa kumsimulia jambo hili, na kila ninayeanza naye ananikatiza kuuliza kontrola ni kitu gani. Nimechoka kueleza. Nakuandikia wewe.

Laini mpya ya mtandao ya Makambako kwenda Njombe imewaka Jumamosi ya wiki iliyopita. Nimeiwasha mimi! Mimi Zawadi, yule uliyempokea kituoni ametoka Makete na mfuko wa viazi mgongoni, anaogopa hata kugusa mlango wa chumba cha mitambo.

Tulipokuzika Kitandililo nilidhani kazi hii imeniishia. Kadi mpya za mitambo zilikuwa tayari zimefika, bado ziko kwenye maboksi, na wewe ndiye ungezifunga. Bosi akapiga simu kutoka Dar akasema atatuma watu wa huko. Skola, mwenzangu uliyemfundisha kule Njombe, akamjibu kabla sijafungua mdomo: "Tutafunga wenyewe." Bosi akakubali, lakini kwa sharti. Tukifika saa sita mchana ya Jumamosi laini haijawaka, turudishe kadi za zamani, na timu yake ichukue vituo vyote hadi Ludewa. Kaka, vile vituo ulivizungukia kwa pikipiki kwenye matope. Nisingevumilia.

Asubuhi ile baridi ilikuwa ya kwetu hasa. Nikachomeka kadi upande wa Makambako, Skola akachomeka ya Njombe. Nikakumbuka ulivyonieleza wiki yangu ya kwanza: "Kadi ikiingia kwenye sanduku ni mfanyakazi mgeni, mdogo wangu. Amefika kazini tu. Kontrola ndiyo inayomwambia mlango upi ufunguke, ubebe nini, na kwa rangi gani ya mwanga." Nikaisanidi kontrola yangu kwa kufuata karatasi ya bosi, mstari kwa mstari. Skola naye hivyo hivyo.

Haikuwaka.

Tukazima, tukawasha. Kimya. Saa nne ikapita. Bosi akasema kwa simu mkongo umekatika, tuingie barabarani tuutafute. Nilishachukua hata koti. Halafu nikajiuliza, kama umekatika, mbona sijapima? Nikapima. Mwanga kutoka Njombe unafika mzima kabisa, hauna kasoro. Nikalitundika koti.

Unajua nilimkumbuka nani? Nilikukumbuka siku ile nilipozima kontrola isiyo yenyewe, Makambako nzima ikakosa mtandao, wenye nyumba za wageni na wauza mbao wote wanapiga simu. Nilijua nimefukuzwa. Ulichukua simu ukamwambia bosi, "Tumekosea, tunarekebisha." Hukusema amekosea. Kisha ukanikalisha tukasoma pamoja, kwa sauti, kila nilichoandika, wewe ukisoma kwa ile besi yako ya kwaya mpaka nikacheka huku machozi yananitoka.

Basi nikamwambia Skola kwenye simu, "Nisomee yako kwa sauti, na mimi nikusomee yangu." Tukaanza. Mlango, sawa. Mzigo, sawa. Rangi ya mwanga... akasoma namba, nikasoma yangu. Rangi mbili tofauti! Kontrola yangu inasubiri rangi moja, yake inatuma nyingine. Na sisi tumeandika sawasawa na karatasi. Karatasi ndiyo iliyokosea.

Karatasi ya bosi, Kaka, yenye sahihi yake. Skola akaninong'oneza kana kwamba bosi amekaa pembeni yake: "Nani atamwambia?"

Nikampigia. Nikasema, "Bosi, mkongo ni mzima. Namba ya rangi ya Njombe kwenye karatasi yako siyo. Naomba ruhusa tuibadilishe." Nikasikia akipekua makaratasi. Mwisho akasema, "Ni kweli. Nimeinakili vibaya. Badilisheni."

Skola akabadilisha, akasoma tena, akathibitisha. Nikakodolea macho kioo. Kontrola ikaamka, mlango ukafunguka, laini ikawaka. Skola alipiga kigelegele hadi spika ya simu ikakwaruza, na mimi nikacheza peke yangu kati ya masanduku na koti limenikaa kichwani, sijui lilifikaje. Saa tano na robo!

Bosi akapiga tena. Vituo vya Ludewa ni vyetu. Tunaanza Lugarawa mvua zikipungua.

Sikurudi nyumbani moja kwa moja. Nilikwenda Kitandililo kwa mama yako. Tangu msiba nilikuwa nakwepa ile nyumba, nisamehe, sikujua nitamwambia nini. Safari hii nilikuwa na la kusema. Nikamweleza yote. Akasikiliza kwa utulivu, kisha akaniuliza, "Kwa hiyo Lukelo kazi yake ilikuwa kupitisha mwanga?" Nikasema ndiyo, mama. Akaangua kicheko. "Na balbu ya jikoni kwangu alikuwa ananiambia kesho, kesho, miaka yote!"

Tulicheka, Kaka, tukashikana mabega. Tumekusema vibaya kidogo, uvumilie. Kisha nikapanda kwenye kigoda nikaifunga ile balbu, naye akapika ugali na maharage, akanijazia sahani mara mbili, akanisimulia ulivyokuwa mtoto mbishi. Ilikuwa mara ya kwanza tangu uondoke kulitaja jina lako nikicheka.

Pumzika sasa, Kaka yangu. Lugarawa tutaifunga mimi na Skola, na hakuna atakayekosea akiwa peke yake. Na kila nikishuka Makambako nitapitia kwa mama. Leo Jumapili ameniita tena, amesema nije na njaa.

Mdogo wako,
Zawadi